Nyara, Jangili na Bwana Nyama: Historia ya Maneno Machache ya Kiingereza katika Serengeti na Tarime



Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa mapema kuziogopa istilahi za kitaalamu, na kwa sababu hiyo huyaamini mno maneno ya kila siku. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kwamba imani hiyo ni ya hatari. Tuanze na neno jepesi la Kiingereza, game. Mfasiri wa Kifaransa hulazimika kuchagua tangu mwanzo: likimaanisha mchezo ni jeu, likimaanisha mnyama awindwaye ni gibier. Kiingereza huyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja, na kamba yenyewe ina historia, kwani kwa mabwana wa Uingereza waliomiliki mashamba na misitu, kuwinda kulikuwa burudani kabla ya kuwa chakula.

Neno hilo lilipofika katika nchi ambayo leo ni wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, halikukuta burudani ya namna hiyo. Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme waliwinda kwa ajili ya kitoweo, ngozi, na mikia ya nyumbu waliyoibadilisha kwa mifugo huko Usukumani. Afisa wa serikali ya kikoloni aliyesimamia mambo ya game akaitwa kwa Kiswahili Bwana Nyama. Tafsiri hiyo haikutoka katika kamati yoyote. Wasemaji wenyewe waliuacha mchezo, wakachukua nyama, neno ambalo kwetu ni mnyama na ni kitoweo kwa wakati mmoja. Naiona kuwa mojawapo ya tafsiri za busara katika historia ya lugha yetu, ingawa baadaye maandishi rasmi yaliiacha na kushika neno wanyamapori, ambalo halina harufu ya chungu.

Si maneno yote yaliyopata bahati hiyo. Awindaye bila idhini Mwingereza humwita poacher, neno ambalo asili yake husemwa kuwa ni Kifaransa cha kale, lenye maana ya kutia mfukoni. Mfaransa wa leo hana habari nalo. Yeye husema braconnier, kutokana na jina la mbwa wa kuwindia. Lugha moja imetazama mfuko, nyingine imetazama mbwa. Kiswahili kimemtazama mtu mwenyewe. Jangili ni neno linalohusishwa na Kihindi, ambako jangli ni mtu wa mwituni asiyestaarabika, na katika kamusi zetu maana ya mhalifu au mtu mwovu imekaa sambamba na ile ya mwindaji haramu. Kwa Kiingereza, basi, mshitakiwa ametenda kosa. Kwa Kiswahili amekuwa aina fulani ya mtu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ilipoendelea kurekebishwa, wawindaji waliokuwa wakipita njia za baba zao walijikuta ndani ya neno hilo kabla hata hawajalijifunza.

Naomba tukae zaidi kwenye neno la tatu. Sheria za wanyamapori zilizoandikwa kwa Kiingereza, ikiwamo ile ya mwaka 1974 na iliyoifuata ya mwaka 2009, hutumia maneno government trophy kwa kiungo chochote cha mnyamapori kilicho mali ya serikali, iwe pembe, ngozi, mfupa au nyama. Kiswahili cha mahakamani na cha magazeti husema nyara za serikali. Wapo wanaodhani kuwa tafsiri hii ni kosa. Mimi nasema ni sahihi kupita kiasi. Trophy limetoka kwa Wayunani, ambao waliliita hivyo kumbukumbu lililosimikwa mahali adui alipogeuka kukimbia. Likapitia Kilatini na Kifaransa hadi kuwa kikombe cha mwanamichezo na kichwa cha nyati ukutani. Kiingereza kimekwisha kusahau vita vilivyomo. Mfasiri wetu akavirudisha, kwani nyara ni mali iliyotekwa vitani. Swali ambalo Kiingereza hakiliulizi, Kiswahili hakiwezi kulikwepa: zilitekwa kwa nani?

Waikoma wanazo pembe za ndovu wanazoziheshimu, ziitwazo Machaba, ambazo masimulizi yao husema zilitoka kwa Watatoga. Ukiziita trophy, umezitundika ukutani. Ukiziita nyara, umeanzisha ugomvi juu ya mwenye mali. Hakuna neno kati ya hayo mawili linalosema kile ambacho Machaba husema kwa Waikoma, na ndiyo maana mfasiri mwaminifu huliacha jina kama lilivyo.

Huko Tarime mambo yanafanana, ingawa mnyama ni ng'ombe. Michael Fleisher alipochapisha kitabu chake juu ya Wakuria mwaka 2000 aliwaita kwa Kiingereza raiders, neno lenye vumbi la vita na chembe ya ushujaa. Jaribuni kukifasiri kichwa cha kitabu hicho. Wavamizi? Wanyang'anyi? Kiswahili cha serikali kina wizi wa mifugo tu, nacho hakitofautishi vijana waliokwenda kwa jirani kutafuta mahari na genge linalouza ng'ombe sokoni, tofauti ambayo ni kiini cha kitabu chenyewe.

Kwa miaka mingi safari ya neno mahakamani ilikuwa na vituo vitatu. Tumchukulie mzee wa Kinata anayeshitakiwa katika Mahakama ya Wilaya ya Serengeti, mjini Mugumu, kwa vipande vya nyama kavu ya nyumbu. Yeye hueleza kwa lugha yake jinsi alivyopata kitoweo. Mkalimani hugeuza kwa Kiswahili, ambako kitoweo tayari ni nyara. Kisha kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, ambako nyara huwa trophy na vita hupotea tena. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kituo cha tatu kimeanza kuondolewa. Cha kwanza na cha pili vingalipo, na kati yake bado amesimama mkalimani ambaye, ninavyofahamu, hakuna idara yetu yoyote ya tafsiri iliyowahi kumfundisha Kinata.