Makaburi ya Usambiro

Katika kazi ya ualimu, uzoefu ni mali. Mwanachuo anaweza kukariri saikolojia yote ya mtoto, lakini siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, anaposimama mbele ya darasa la watoto 80 na chaki inamtetemeka mkononi, ndipo anapoanza kuijua kazi. Nimewaambia hivyo wanachuo kwa miaka mingi, na neno hilo silibatilishi. Mvuvi wa dagaa naye hana kitabu. Anajua giza la mwezi na anajua mawingu gani yamebeba dhoruba, kwa sababu vyote hivyo ameviona kwa macho yake.

Si ajabu basi kwamba kanuni hiyo tumeingia nayo hadi kanisani. Mkristo akisimama kushuhudia, tunangoja atuambie yaliyompata: alikuwa mgonjwa akapona, alikuwa hana kazi akapata, alikuwa majini akatoka. Aliyeonja ndiye tunayemsadiki. Mimi naona kwamba kanuni inayofaa darasani na ziwani haifai kuwa msingi wa imani. Sababu zangu nazitoa katika historia ya mwambao huu wetu wa kusini wa Ziwa Victoria, ambayo watu wengi wa Sengerema hawaijui ijapokuwa ilitendeka jirani na mashamba yao.

Mwezi Aprili 1876 wamisionari wa kwanza wa Kanisa la Anglikana waliopelekwa Buganda waliondoka Uingereza. Walikuwa wanane. Mwezi Agosti mwaka huo mmoja alikufa Unguja, hata bara hajaiona. Mwezi Mei 1877 daktari wao, John Smith, alikufa kwa homa hapa Kageye, upande wa mashariki ya Mwanza. Desemba mwaka huo huo kiongozi wao Shergold Smith, pamoja na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe. Kulikuwa na ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro, ambaye O'Neill alikuwa amenunua jahazi kwake. Songoro akawakimbilia, nao hawakukubali kumtoa. Wakafa pamoja naye. Kwa hiyo miaka miwili haijatimia, wanne katika wale wanane walikuwa kaburini. Watu hao waliomba kila asubuhi na kila jioni, na waliomba hasa walindwe safarini.

Aliyebaki kwa muda mrefu kuliko wote ni Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi wa mitambo. Alifika Kageye mwaka 1878, akakuta mizigo imeharibika na mashua imeoza. Aliitengeneza kwa mikono yake. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye kufuata uzoefu asingelifanya kamwe: alikwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha, kutafuta amani na mtu aliyewaua wenzake. Akarudi salama. Nataka msomaji aangalie vizuri hapo. Kama Mackay angefanya kurudi kwake salama kuwa ndiyo hoja ya kumwamini Mungu, basi angelazimika kukubali kwamba vifo vya Smith na O'Neill ni hoja ya kutomwamini. Uzoefu ni shahidi wa aina hiyo. Ukimwita mahakamani akuunge mkono leo, huna haki ya kumfungia mlango kesho anapokuja kusema kinyume.

Buganda alikaa hadi mwaka 1887. Humo aliona vijana aliowafundisha kusoma wakichomwa moto, watatu wa kwanza mwezi Januari 1885, na wengine wengi mwaka 1886. Oktoba 1885 Askofu Hannington, aliyekuwa njiani kuja, aliuawa Busoga. Mwishowe Mackay mwenyewe ikambidi aondoke. Alivuka ziwa akaja kukaa Usambiro, kwa Makolo, kusini mwa ghuba hii yetu ya Mwanza ambayo Wazungu waliiita Smith Sound. Leo ghuba hiyo tunaivuka kwa daraja la Kigongo na Busisi, kwa dakika chache tu, na sidhani kama katika basi zima yupo anayemkumbuka.

Usambiro haikuwa mahali pa kumtia mtu moyo. Mwezi Machi 1888 alikufa hapo mmisionari Blackburn, na kabla mwezi haujaisha akafa Askofu Parker, aliyeshika nafasi ya Hannington. Mackay aliendelea kufasiri Maandiko kwa Kiganda, kupiga chapa, na kuunda mashua. Mwaka 1889 Stanley alipita na msafara wake mkubwa akiwa na Emin Pasha, wakapumzika hapo karibu majuma matatu. Msafara ulipoondoka kwenda pwani, Mackay hakuondoka nao, ingawa alikuwa hajaiona Ulaya kwa miaka 13. Wakubwa wake walipomshauri arudi nyumbani apumzike, mwanzoni mwa Januari 1890 aliwajibu kwamba huu si wakati wa mtu kuacha lindo lake. Wamletee kwanza watu 20, ndipo labda atakwenda kuwasaidia kutafuta 20 wengine. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 40.

Nauliza: mtu huyo angesimama katika kikundi chetu cha maombi siku ya Jumatano, angeshuhudia nini? Wenzake wamekufa, wanafunzi wake wamechomwa, askofu mmoja ameuawa na mwingine amemzika. Buganda kuna vita. Tungemhurumia, na pengine mmoja wetu angemwambia kwa upole aichunguze imani yake. Lakini kanisa lililokua Buganda katika miaka iliyofuata, ambalo walimu wake walivuka hata wakaja kuhubiri pande zetu, lilijengwa juu ya kazi ya mtu ambaye hakuonja ushindi wake.

Sitaki nieleweke kwamba kuonja ni kitu kibaya. Mwishoni mwa mwaka 1893 Mganda mmoja, Musa Yakuganda, aliwaendea wamisionari huko Mengo akataka itangazwe kanisani kwamba ameacha Ukristo. Alikuwa amesoma kwa miaka saba, akasema dini yao haimfaidii kitu. Maneno hayo yalimchoma George Pilkington, aliyekuwa akifasiri Biblia. Alijitenga kisiwani Koome (siyo Kome yetu ya huku Buchosa, bali ile ya Uganda, maana majina haya huwachanganya watu) na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mikutano iliyoanza tarehe 8 Desemba 1893 ikawa uamsho mkubwa. Musa alikuwa na haki ya kulalamika, na Mungu hakumkasirikia. Hata hivyo Pilkington hakuishi kwa kukumbuka Koome. Alirudi mezani kwake, na Biblia nzima ya Kiganda ikatoka mwaka 1896. Mwaka uliofuata aliuawa katika maasi ya askari wa Kisudani.

Uamsho wa pili, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Bukoba hadi kwetu, tumeuona matunda yake sisi wenyewe. Watu walirudisha ng'ombe wa wizi, walilipa madeni yaliyosahauliwa, waume waliwaomba wake zao msamaha mbele ya watu. Ni kazi ya Mungu, mimi sina shaka. Lakini palitokea pia desturi ya kupima: huyu ushuhuda wake ni mpya, huyu ni wa zamani, huyu hana. Mtu asiye na jambo la juma hili akaanza kutafuta jambo. Nimesikia shuhuda ambazo zilikua kila mwaka kama mchicha wa bustanini.

Na linaloniuma zaidi liko ziwani. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi wamelala Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa 228. Fundi wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili, na nchi nzima ikamshukuru Mungu, na ilikuwa haki kushukuru.

Baada ya MV Bukoba niliwasikia waliookoka wakishuhudia makanisani. Mmoja alisema, "Niliomba, naye Mungu akanisikia." Watu wakapiga makofi. Katika ibada hiyo alikuwamo mama mmoja ambaye mwanawe, kijana wa kwaya, alikuwa katika meli ile ile na hakurudi. Kijana yule alikuwa mwombaji kuliko wengi wetu. Mama hakupiga makofi wala hakulia. Niliona akiitazama mikono yake.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania, ambayo nilikuwa nimeifundisha mara nyingi bila kuona. Mwandishi anawataja waliofunga vinywa vya simba na waliookoka makali ya upanga; kisha, pasipo kubadili sauti wala kuomba radhi, anawataja waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, waliouawa kwa upanga. Wote anawaweka katika orodha moja, ya imani moja, na anasema wote hawakuipata ile ahadi. Hakuna mahali anaposema kundi la kwanza liliomba vizuri zaidi. Ushuhuda wa uzoefu hutolewa na aliyerudi pwani tu, maana aliyezama hana kinywa. Kanisa likiusimamisha kuwa msingi, yule kijana wa kwaya anakosa mahali ndani yake, na Smith na O'Neill pia, na hao vijana watatu wa mwaka 1885.

Miezi kadhaa baadaye mchungaji alimwuliza yule mama kama angependa kusema neno siku ya Jumapili. Akakubali. Alisimama, akasema, "Mungu ni mwema," akataja jina la mwanawe, akakaa. Hakueleza kitu. Wengine walinong'ona kwamba huo si ushuhuda.