Safu ya Lugha: Jankshen boksi si kila boksi la umeme

Katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Eldoret, na miongoni mwa mafundi wanaotandaza nyaya katika nyumba za Sugoi, jina "jankshen boksi" mara nyingine hubebeshwa vitu vitatu visivyo sawa: kisanduku cha kuungia nyaya, kile kinachozikwa ukutani nyuma ya swichi au soketi, na hata sanduku la mita. Sanduku ni neno lenye asili ya Kiarabu, kasha limetokana na Kireno na boksi na Kiingereza, lakini kinachotofautisha vifaa hivi ni kazi yake, wala si asili ya jina.

Jankshen boksi hasa ni kisanduku chenye kifuniko ambamo nyaya huunganishwa na kugawanywa, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuangalia kama viungio vyote vitaenea bila kubanana, na kama kifuniko kitafikika baada ya plasta kupigwa. Kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua hufaa chenye alama ya IP65, ambapo 6 huonyesha kwamba vumbi haliingii na 5 kwamba kinastahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Anayeagiza "boksi" tu huenda akauziwa la swichi, lisilo na kifuniko.