Kutoka Lumumba hadi Mlimani: Ulevi, Unga na Ukatili katika Historia ya Vyuo vya Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilizaliwa Kariakoo, katika jengo la TANU kwenye mtaa tunaouita leo Lumumba, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Wanafunzi walikuwa 13 tu, wote wa sheria. Miongoni mwa wanafunzi wa sheria wa miaka ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Ukitoka kwenye jengo lile, viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu, soko nalo liko mwendo mfupi tu, na nyuma ya soko mitaa inateremka kuelekea Mtaa wa Msimbazi na bonde la Jangwani.

Kwa watawala wa kikoloni, mitaa hiyo ilikuwa na sifa mbaya. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, hati ya udhamini iliwataka wadhibiti kwa ukali biashara ya pombe kali. Waliitekeleza kwa kubagua rangi: vinywaji vya chupa vilivyoruhusiwa kwa Mzungu vilikuwa kosa kwa Mwafrika kwa miaka mingi, na pombe ya kienyeji ilitakiwa iuzwe kwa kibali, katika vilabu ambavyo polisi waliweza kuviona. Mama aliyepika pombe uani ili alipe kodi ya chumba alihesabiwa mhalifu. Kijana asiye na kazi aliitwa mhuni, na tangu mwaka 1944 kulikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini watu "wasiotakiwa". Walikamatwa, wakarudishwa makwao, na wengi wakarejea.

Ni vizuri kumbukumbu ya akina mama wale isipotee. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakwenda kwa wasomi. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na kwa wapika pombe, watu waliojuana, waliokuwa na fedha zao wenyewe na waliokwisha kuzoea kukimbizana na askari. Maelfu yao wakakata kadi. Kwa hiyo chama kilichokipa chuo kikuu paa la kwanza kilijengwa pia kwa jasho la wanawake ambao serikali iliwaona kuwa chanzo cha maovu ya mji.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, upande wa Ubungo, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji. Sababu kubwa ilikuwa nafasi: mabweni, maktaba na kumbi za mihadhara havingeenea Lumumba. Lakini eneo la peke yake, mbali na vilabu na masoko, lilikuja pia na imani kwamba msomi hulindwa kwa kutengwa na mtaa. Imani hiyo haikudumu. Mwaka 1978 bendi mpya ilianza kupiga katika baa iliyokuwa kwenye barabara ya kwenda chuoni, ikachukua jina la baa hiyo, Mlimani Park. Baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, lenye ukumbi wake maarufu Kariakoo. Muziki wa waimbaji wake Gurumo na Bitchuka ukawa daraja kati ya bweni na mtaa. Hakuna ubaya katika hilo. Muziki ule ni hazina. Ila tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba mlima ni uzio.

Jeraha kubwa zaidi, hata hivyo, halikutoka baa. Lilitoka ndani ya mabweni.

Miaka ya 1970 palizuka Mlimani desturi iliyoitwa Mzee Punch. Yalikuwa mabango ya kejeli, michoro na maandishi yasiyo na jina la mwandishi, yaliyobandikwa ukutani usiku na kusomwa asubuhi na chuo kizima. Wapo waliokuwa wakiyasifu kama sauti ya ujasiri. Kadiri miaka ilivyopita, mishale ilielekezwa zaidi kwa wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mtu, aliyeonekana anajidai au asiyetii amri za kundi lile alichorwa kwa namna ya kumvua utu wake, na wenzake wakatakiwa wamtenge. Haikuwa siri. Wanafunzi walijua, walimu walijua, na wengi waliichukulia kuwa utani wa ujana ambao mhusika angeuzoea.

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa akisumbuliwa na kundi hilo, alijitoa uhai.

Kifo hicho kiliitikisa nchi. Uchunguzi ulifanyika, Punch ikapigwa marufuku na baadhi ya wanafunzi wakaadhibiwa. Lakini kazi iliyodumu ilifanywa na walioendelea kusema baada ya magazeti kunyamaza. TAMWA, chama cha wanawake waandishi wa habari kilichoundwa mwaka 1987, kilikataa jambo lile liitwe mzaha au bahati mbaya. Kililiita ukatili. Wahadhiri wanawake nao waliendelea kudai kanuni zinazotaja unyanyasaji wa kijinsia kwa jina lake. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, inayojulikana kama SOSPA, ambayo pamoja na mengine iliufanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Mwaka 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikaongeza kifungu kuhusu rushwa ya ngono, ile ya mwenye madaraka kudai mwili ili atoe alama au ajira. Inaumiza kuona kwamba binti mmoja alipaswa kupotea ndipo watu wazima wakubali kuwa jambo lile lina madhara. Mabango hayakuhitaji pombe wala unga ili yaue. Yalihitaji ukimya wa waliokuwa karibu.

Wakati chuo kikijitazama upya, mji ulikuwa ukipata adui mwingine. Heroini, ambayo mtaani ni unga, ilianza kuenea Dar es Salaam miaka ya 1990, kwa kuwa bandari na uwanja wa ndege viliugeuza mji kuwa kituo cha njiani kutoka Asia. Mwanzoni vijana waliichanganya na bangi wakavuta, wakaiita kokteli. Kuanzia miaka ya 2000 heroini nyeupe ilileta sindano, na sindano za kushirikiana zikaleta VVU: tafiti za jijini zilikuta virusi katika theluthi moja na zaidi ya waliojidunga. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, na mkono wake wa kwanza ulikuwa pingu. Teja, yaani mraibu wa unga, alikamatwa, akatoka, akarudi maskani, kama mhuni wa mwaka 1944 alivyorudi mjini.

Jibu la maana lilitoka chuoni na hospitalini kwa pamoja. Muhimbili iko Upanga, juu ya bonde la Msimbazi, na mafunzo ya udaktari yanatolewa pale tangu mwaka 1963. Mwezi Februari 2011 ilifunguliwa hapo kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Utaratibu wake ni rahisi kueleza na mgumu kuufuata. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, inatulia, na polepole anapata nafasi ya kurudi kwenye kazi na familia. Asiyeweza kufika hafaidiki, kwa hiyo vikundi vya kijamii vilimfuata teja maskani badala ya kumngoja getini. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zilifungua kliniki zao katika miaka michache iliyofuata. Kwa mara ya kwanza mraibu wa Dar es Salaam alipewa namba ya faili kabla ya namba ya kesi.

Leo wanafunzi wamerudi Kariakoo, na si wachache. DIT, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, na CBE, iliyofunguliwa mwaka 1965, ziko hatua chache kutoka sokoni. Mabweni hayatoshi, kwa hiyo maelfu wanapanga vyumba Ilala, Magomeni, Jangwani na Kariakoo kwenyewe, wanaviita geto. Fedha ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inapoingia, wao husema "boom limetoka", na wenye baa wanalijua juma hilo vizuri. Bia nayo si adimu kama ilivyokuwa miaka ya 1980. Tangu serikali iuze sehemu ya kampuni ya bia ya TBL kwa wawekezaji wa Afrika Kusini mwaka 1993, kinywaji na matangazo yake vimefika kila kona. Viroba, pombe kali ya vifuko iliyouzwa kwa bei ya nauli ya daladala, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hatua ile ilisaidia, kwa sababu iligusa bei na upatikanaji badala ya kumhubiria mnywaji.

Vyuo vina washauri wa wanafunzi, madawati ya jinsia na klabu za kupinga dawa za kulevya. Vyote hivi ni matunda ya historia hii, navyo vinastahili fedha na watu wa kutosha. Tatizo ni kwamba vingi vinaishia getini, ilhali mwanafunzi analala Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, au ng'ambo ya daraja la Jangwani. Wakuu wa vyuo wakae na wenyeviti wa serikali za mitaa na wenye nyumba wanaowapangisha vijana hawa. Wakubaliane nani atapigiwa simu usiku binti anapovunjiwa mlango, na nani atamfikisha kliniki kijana aliyeanza kutetemeka kwa arosto. Orodha ya majina hayo ibandikwe kwenye kila geto kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza.