KUTOKA IFAKARA HADI ISIMILA: MWONGOZO WA KULALA KWENYE MAHEMA NA KUONA MAKUMBUSHO

Kuna watu wananiuliza kama inawezekana kutoka huku bondeni kwenda kulala kwenye nchi kame na kuona makumbusho bila kuwa na hela za mzungu. Inawezekana, mimi nimeenda na washkaji wanne kwa Noah ya kukodi. Mambo yenyewe ni haya.

JANGWA LIPO?
Tuseme ukweli, jangwa kamili hapa Bongo hatuna. Anayelitaka aende Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na kule Loiyangalani kuna Makumbusho ya Jangwa tangu 2008. Lakini sisi tuliozaliwa kwenye mpunga na matope ya Kilombero, Ruaha Mbuyuni tu inatosha. Ni mibuyu, miiba, vumbi na jua kali.

NJIA
Ifakara–Kidatu ni kama kilometa 67, halafu Mikumi, kisha unakata kushoto barabara ya Iringa. Utapita Ruaha Mbuyuni (vitunguu vya kumwaga), halafu mlima Kitonga. Hapo dereva asiwe na haraka, malori ni mengi na kona ni kali. Safari nzima ni kama kilometa 300. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mvua hakuna.

MAHEMA
Tulilala kwenye eneo la kambi nje kidogo ya mji wa Iringa. Kosa letu: tulibeba shuka nyepesi za Ifakara. Jamani, Iringa mwezi wa saba ni baridi ya kutetemesha meno! Bebeni blanketi, tochi na maji ya kutosha.

ISIMILA
Ipo kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Ni korongo kavu lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji kwa miaka mingi. Zana za mawe zilianza kuonekana pale 1951, na 1957–58 mtaalamu Clark Howell akachimba. Umri wake ni zaidi ya miaka 200,000. Kuna makumbusho ndogo, lakini mashoka mengine ya mawe yapo chini kabisa, unayaona kwa macho yako.

KALENGA
Mchana tukaenda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa. Mtwa alijiua 19 Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakakata kichwa wakaenda nacho kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka kirudishwe, lakini kilirudi 1954, gavana Twining ndiye aliyekikabidhi. Hesabu mwenyewe, miaka 56!

Tulipotoka nje, binamu yangu akawa kimya. Mara akaingiza mkono mfukoni akatoa jiwe. Lilikuwa shoka la Isimila, kaliokota asubuhi tukiwa tunapiga picha. "Nilitaka nimpelekee mzee nyumbani," akasema. Tukabishana sana, maana hela ya mafuta ilikuwa ya kurudi Ifakara tu. Mmoja akasema litupwe njiani yaishe. Mimi nikasema hapana, jiwe likitolewa pale lilipokuwa limepoteza habari yake yote, na sheria ya mambo ya kale ya 1964 hairuhusu.

Kesho yake tukachanga tukarudi Isimila. "Shikamoo mzee," binamu akamsalimia muongozaji, akampa jiwe kwa mikono miwili. Mzee akaliangalia, akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Wengi hawarudi. Nionyeshe ulipolitoa." Wakaenda wote wawili mpaka korongoni.

Chakula cha kurudi kilikuwa mahindi ya kuchoma tu, lakini hakuna aliyelalamika.

KUMBUKENI
Lipeni kiingilio mpewe risiti, ulizeni kabla ya kupiga picha fuvu, na mkipenda jiwe pigeni picha mliache lilale. Wadau mliofika huko, ongezeeni nilipoacha. Safari njema!