Mdundo Ulitangulia Kinanda

Historia ya sinthesaiza za Japani husimuliwa kana kwamba ilianza na kinanda, lakini ushahidi unaonyesha ilianza na mdundo. Mpiga akodioni Tadashi Osanai hakuridhika na Sideman, mashine ya midundo ya Wurlitzer ya Marekani. Akashirikiana na Tsutomu Kato, na mwaka 1963 wakatoa mashine yao wenyewe ya midundo, Donca-Matic. Kampuni yao ndiyo Korg ya leo. Ikutaro Kakehashi naye alipoanzisha Roland mjini Osaka mwaka 1972, bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mashine ya midundo, TR-77. SH-1000, inayotajwa kuwa sinthesaiza ya kwanza ya Japani kuuzwa madukani, ilifuata mwaka 1973.

Kwa msikilizaji wa Migwani, Ukambani nchini Kenya, anayejua kwamba katika kilumi, uchezaji wa jadi wa Wakamba, ngoma ndiyo inayoongoza, mpangilio huo ni wa kawaida kabisa. Anayepinga atasema mashine haimwoni mchezaji, ilhali mpiga ngoma hubadili kasi akiitazama miguu ya mchezaji. Ni kweli: diski iliyozunguka ndani ya Donca-Matic ilirudia kilekile. Hata hivyo, mashine hiyo iliundwa kumsindikiza mpiga akodioni, wala si kumwondoa jukwaani. Mwethiopia Hailu Mergia alithibitisha kwa uzuri mkubwa kwamba mashine yaweza kusindikiza bila kumwondoa mwanamuziki katika albamu yake ya 1985, aliyoirekodi Marekani: akodioni yake inaimba nyimbo za kwao pamoja na Yamaha DX7, sinthesaiza ya Kijapani ya mwaka 1983, na bado ni muziki wa Ethiopia.