Kutenganisha Seva ya Huduma na Seva ya Majaribio katika Kompyuta Moja ya Linux

Tovuti ya taasisi inapoanza kupokea maombi ya wananchi, marekebisho yake hayapaswi kuendelea kufanyika moja kwa moja kwenye tovuti hiyo. Alama moja iliyosahaulika katika faili la mipangilio yatosha kuifanya seva ikatae kuwaka. Kwa sababu hiyo wataalamu wa TEHAMA hutumia seva mbili: ya huduma na ya majaribio. Kuwa na kompyuta mbili ni bora zaidi, lakini pale bajeti isiporuhusu, kompyuta moja yenye Linux huweza kuzibeba zote.

Njia nyepesi ni kuiachia programu moja ya seva, kama Apache au Nginx, itambue jina la tovuti lililoombwa na kufungua saraka inayohusika. Hiyo yafaa kwa kubadili kurasa na picha. Hata hivyo, kosa katika mipangilio ya majaribio huweza kuizuia pia tovuti ya huduma isiwake. Njia imara ni kuendesha programu hiyo mara mbili, kila upande ukiwa na mipangilio, kumbukumbu za matukio na mtumiaji wake wa mfumo.

Kwa kuwa seva mbili haziwezi kusikiliza poti moja katika anwani moja, ya huduma huachiwa poti 80 na 443, na ya majaribio hupewa, kwa mfano, 8080. Inafaa ifungwe kwenye anwani 127.0.0.1, ili ifikiwe na watumishi wanaoingia kwa SSH pekee. Faili la robots.txt halitoshi, kwani ni ombi tu kwa injini za utafutaji.

Utengano unaosahaulika kwa urahisi, na wenye madhara makubwa zaidi, ni wa hifadhidata. Seva zote mbili zikitumia hifadhidata moja, amri ya kufuta iliyotolewa kwa majaribio itafuta maombi halisi ya wananchi. Kila upande uwe na hifadhidata na nywila yake, na mtumiaji wa majaribio asipewe ruhusa yoyote upande wa huduma. Taarifa halisi za wananchi zisinakiliwe kwa ajili ya majaribio. Nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na majina ya kubuni yanatosha. Utumaji wa barua pepe na ujumbe mfupi nao uzimwe, mwananchi asije akaarifiwa kuwa ombi lake limekubaliwa kumbe fundi alikuwa akijaribu kitufe.

Kwa kuwa RAM na diski hubaki za pamoja, systemd huruhusu kuweka ukomo kwa MemoryMax na CPUQuota, na faili za majaribio ziwekwe katika kizigeu chake cha diski. Kiini cha Linux chenyewe hakigawanyiki: kompyuta ikizimwa, seva zote mbili huzimika. Kwa hiyo toleo jipya la mfumo endeshi lijaribiwe kwenye kompyuta nyingine.