Leza iliyowasubiri mbu wa Lupiro

Leza ya kwanza iliwaka California mwaka 1960, kazi ya Theodore Maiman, na wengi waliiona kama silaha ya kesho. Mmoja wa walioifanya chombo cha kupimia mazingira ni Sune Svanberg, aliyeanza uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 1980. Kundi lake lilipima gesi za volkano za Italia, Etna ikiwamo, kwa kurusha mwali angani na kusoma mwanga uliorudi. Hatimaye wakageukia wadudu. Historia hiyo husimuliwa kama ya Ulaya. Mimi naona kipande chake kizito kimo Tanzania, kwa sababu swali lililokipa uzito lilikuwa letu.

Swali lenyewe, jinsi ya kuwafuatilia mbu wa malaria, lilikuwa limeishughulisha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kuanzia 2004, mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulifanya kazi katika kata 15 za Kinondoni, Ilala na Temeke, wakazi wakikagua madimbwi na mitaro kusaka viluwiluwi. Lakini ili kuwajua mbu waliokomaa, ilibidi mtu aketi usiku na miguu wazi, awanyonye kwa mrija kila wanapotua. Njia hiyo inachosha, ina hatari, na haisemi lolote kuhusu mbu ambao hawakumfuata. Gerry Killeen, aliyekuwa mtafiti wa mpango huo, baadaye alishirikiana na Fredros Okumu na Yeromin Mlacha wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na Mikkel Brydegaard na wenzake wa Lund, kutega mwali wa leza kijijini Lupiro, bonde la Kilombero. Chombo chao hakikupima muda wa mwanga kurudi, kama lida za kawaida, yaani vyombo vinavyopima kwa mwali wa leza. Kilitazama mwali kwa pembe, kwa kanuni iliyopewa jina la Mwaustria Theodor Scheimpflug, hivyo leza ndogo ya bei nafuu ikatosha. Mabawa ya mdudu hufanya mwanga unaorudi upigepige, na kasi ya mapigo husaidia kumtofautisha mbu jike na dume. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, mbu wakachangamka mchana kana kwamba magharibi imeingia. Makala yao ya 2020 ilihitimisha kuwa mwanga wa nje huwaongoza zaidi kuliko saa yao ya ndani.

Atasema mtu: vifaa vilitoka Sweden, basi sifa ni yao. Sikubali: bila mbu wa Kilombero na wataalamu wanaowajua, leza hiyo ingehesabu wadudu tu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwali hauoni vimelea wala hautambui kila spishi, na Temeke yenye nyumba zilizobanana na macho ya watoto, ambayo mwali unaweza kuyadhuru, kila upande si shamba wazi. Ni kweli, ndiyo maana mrija hautatupwa. Ila utaalamu wa mwanga haupo mbali. Rogath Kivaisi na Margaret Samiji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, walichapisha mwaka 1999 utafiti wa jinsi tabaka nyembamba za vanadiamu dayoksaidi zinavyohusiana na mwanga, na Nuru Mlyuka akaendeleza kazi hiyo. Mlimani na Ifakara wakae meza moja, na leza ijayo itengenezwe kwa ajili ya mitaro ya Dar.